Shokapu za Baba Mkwe

Katika ukoo wa Mzee Malimi wa Usagara, mkwe wa kike hampi baba mkwe wake kitu mkononi. Akileta chai, anaweka kikombe juu ya kigoda, anarudi nyuma hatua tatu, ndipo mzee anakichukua kana kwamba kimejiotea pale chenyewe. Hawatajani majina. Hawatazamani usoni. Ukiacha shikamoo na marahaba, neno lolote la maana kati yao linapitia kwa mama mkwe, hata kama wote watatu wamekaa kwenye ua mmoja na wanasikiana vizuri kabisa. Na kugusana ndiyo balaa lenyewe. Mkwe akimgusa baba mkwe anafungasha, anarudi kwao, anakaa huko mpaka wazazi wake waje na mbuzi na wazee waridhike. Mke mmoja wa ukoo huo aliwahi kurudishwa kwa kumshika mzee bega asijikwae kwenye kizingiti. Wazee walichukua miaka miwili kuridhika, na waliporidhika mume alikuwa ameshaoa mwingine.

Mjini watu wengi wameyaacha haya. Ukoo wa Malimi haukuyaacha, na anayebisha aende kwa Mzee Ndalahwa, kaka mkubwa wa Malimi na mlinzi wa mila za ukoo. Atamweleza mpaka njaa imuume.

Kokulinda aliyakuta mambo hayo alipoolewa na Yeremia, mtoto wa Mzee Malimi, na aliyapokea bila kinyongo. Yeye alikuwa Mhaya wa Muleba, na Wahaya nao wana ya kwao. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu. Yeye alikuwa fundi pikipiki, tena si wa kubahatisha, na baba mkwe wake alikuwa na pikipiki.

Kibanda chake kilikuwa pale njia panda, hatua mia moja kutoka nyumbani. Bodaboda za Nyegezi zilipita mafundi sita njiani ili zifike kwake. Alisomea ufundi chuoni, akaongezea miaka minne ya gereji, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mafundi wenzake: hakuamini jicho. Alipima. Mfuko wa ovaroli yake haukukosa venia, kile chuma cha kupimia unene, na hakuna aliyeweza kumtania akaacha.

"Kwa jicho utachagua mchumba," alikuwa akiwaambia. "Shokapu unapima."

Mzee Malimi alikuwa bwana mifugo kwa miaka thelathini. Pikipiki yake ilikuwa ile ya porini, ndefu, ya kiti cha juu, iliyomzidi Kokulinda umri. Ofisi ilipoichoka aliinunua kwenye mnada, na mpaka leo, kastaafu na mvi zake, alikuwa akiipanda kwenda kutibu ng'ombe kwenye maboma ya kandokando ya ziwa. Ikiharibika aliipakia kwenye gari la mizigo hadi Mkuyuni, kwa fundi mmoja aitwaye Venant. Hatua mia moja zilimshinda. Angempaje mkwe ufunguo? Angemwelezaje ugonjwa wa injini, wameinama wawili juu ya tairi moja? Kokulinda aliruhusiwa kuiosha kila Jumamosi, maana kuosha ni kazi ya mkwe. Kuifungua, hilo hakuna aliyewahi hata kulitamka.

Ijumaa moja mchana mzee alirudi kutoka Mkuyuni anang'aa. Wiki iliyotangulia aligonga jiwe, shokapu za mbele zikapinda na kuvuja mafuta, na sasa Venant alikuwa amemfungia nyingine.

"Zile zile," mzee alimwambia mkewe, Mama Odeta, kwa sauti ya kusikika na majirani. "Venant amezitafuta siku nne. Zile zile kabisa, za pikipiki hii hii!"

Alikuwa na sababu ya kufurahi. Kesho yake asubuhi yeye na Ndalahwa walikuwa na safari ya kushuka ziwani kukagua ng'ombe wa mahari ya mpwa wao. Ndalahwa alihitajika kwa maneno, Malimi kwa macho, kwa kuwa katika ukoo mzima ni yeye pekee aliyejua ng'ombe mgonjwa hata akiwa amepakwa samli. Njia ya kushukia huko ni mteremko wa mawe matupu, na wangekwenda wamepakizana.

Mzee alipoingia kuoga, Kokulinda aliisogelea pikipiki. Taa ya mbele ilikuwa inaangalia chini kidogo kuliko kawaida. Akachuchumaa, akaukamata mguu wa kulia wa shokapu kama alivyouosha Jumamosi nyingi. Siku zote kidole gumba na cha kati havikukutana. Leo vilikutana.

Akatoa venia. Milimita thelathini na tatu. Akapima tundu la kibanio kinachokamata mguu ule kwa juu: thelathini na tano. Hapo katikati, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu, palichungulia ukingo wa bati. Venant alikuwa amekata kopo la maziwa, akalizungushia mguu mwembamba mpaka ukajaa kwenye tundu nene, kisha akakaza bolti. Mguu wa kushoto aliukuta hivyo hivyo. Na juu ya kibanio, mguu wa kulia ulikuwa umeshapanda kiasi cha ukucha, na ukaacha alama mpya inayong'aa. Mkuyuni hadi njia panda yao ni lami, na mzee haendi kasi. Kwenye lami tu umepanda ukucha.

Kokulinda alikaa pale chini, hasira zikamjaa kifuani. Aliuona mteremko wa kesho kama anausoma kitabuni. Wazee wawili, uzito wote unaegemea mbele, Malimi anashika breki. Mguu mmoja unateleza juu, mwingine unabaki. Tairi linapinda. Kwenye mteremko ule hakuna pa kuangukia ila mawe.

Mzee alitoka kuoga, akakaa kwenye kiti chake karibu na banda la kuku. Mama Odeta alikuwa anachambua mchele. Kokulinda alipiga goti upande wa mama mkwe wake, akatazama ungo.

"Mama, naomba umwambie baba kwamba shokapu alizofungiwa si za pikipiki ile. Ni nyembamba kwa milimita mbili. Zimejaziwa bati la kopo. Akishika breki mteremkoni mguu mmoja utapanda, tairi litakata kona lenyewe, na wao wataenda chini kwa vichwa."

Mzee alikuwa hatua tano kutoka hapo. Alikuwa anachokonoa jino na kutazama kuku.

Sasa Mama Odeta alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliokuwa ugonjwa wake. Miaka yote ya kubeba maneno ya watu alikuwa ameyabeba kama mayai, na yaliyokuwa na ncha aliyazungushia pamba.

"Baba Yeremia," alisema, "mkwe wako anasema pikipiki imependeza. Ila anakuomba uende polepole kwenye mteremko."

"Mwambie nimesikia," alijibu mzee. "Nitakwenda polepole."

Alikuwa amesikia yote, bila shaka. Kuku wenyewe walikuwa wamesikia. Lakini kwa mila ya ukoo mtu anakuwa ameambiwa kile alicholetewa na mjumbe, na mzee alijibu alicholetewa. Tena kilimfaa. Nani anataka kuambiwa, siku ya furaha, kwamba fundi wake wa miaka mingi amemfungia kopo?

"Mama, sivyo nilivyosema," Kokulinda alinong'ona.

"Mwanangu, mwanaume akitoka kwa fundi anacheka humwambii amedanganywa. Nitamwambia kesho, akishakunywa uji."

"Kesho wanaondoka saa moja."

"Basi nitamwambia saa kumi na mbili."

Kokulinda alitoka nje ya ua, akampigia simu Yeremia, ambaye alikuwa Geita kwenye kazi ya kuchomelea. Yeremia alisikiliza mpaka mwisho, akashtuka kweli kweli, akampigia baba yake. Baada ya dakika tano alirudi hewani.

"Amesema ameshaambiwa aende polepole."

"Yeremia!"

"Ningefanyaje? Nimemwambia ni kopo, akasema Venant alifunga pikipiki kabla mimi sijazaliwa. Mwambie mama amwambie tena."

Mwingine angekaa akalia. Kokulinda alivaa kofia ngumu, akawasha pikipiki yake, akaenda Nyegezi. Hoja alishaieleza ikashindwa. Sasa alitaka shokapu zenyewe ziwepo, za kweli, zimelala uani, ili Mama Odeta akisema kesho asiwe na maneno matupu.

Nyuma ya stendi ya Nyegezi palikuwa na Mhaya mwenzake, Muganyizi, aliyekusanya pikipiki zilizokufa. Alikuwa mtu wa shati jeupe katikati ya grisi, na hakuna aliyejua analiwekaje safi.

"Dada yangu Koku!" alimpokea. "Shokapu za porini? Umefika. Ninazo jozi tatu, zote za hiyo hiyo unayoitafuta. Mimi siwezi kukudanganya, mimi na wewe tumetoka sehemu ya watu waliosoma."

"Zilete chini, msomi. Tuone."

Alizipanga juu ya gunia. Jozi ya kwanza Kokulinda aliipima, ikasoma thelathini na tano sawasawa, Muganyizi akapiga makofi. Kokulinda hakupiga. Aliisimamisha kando ya kamba aliyokuwa ameipimia urefu kwenye pikipiki ya mzee na kuifunga mafundo mawili. Mguu ulizidi fundo kwa upana wa kiganja.

"Hii itainua pua ya pikipiki. Mzee atakuwa anaangalia mawingu."

Jozi ya pili ilikuwa na unene sawa na urefu sawa. Muganyizi alifungua mdomo kuanza kusifu, lakini Kokulinda alikuwa ameshageuza chini, kwenye tundu ambamo ekseli ya tairi inapita. Alitia ncha za venia.

"Ekseli yake ni nene. Ya mzee itacheza humu ndani kama mtoto kwenye gumboti za baba yake. Na angalia hapa, kishikio cha breki kiko kulia. Ya mzee iko kushoto."

"Watu wanatoboa tu, dada. Wanachomelea."

"Ndio hao watu tunaowazika."

Jozi ya tatu ilikuwa mbaya ya sura. Ilikuwa na udongo, lebo zimechubuka, na mpira mmoja wa vumbi umechanika. Kokulinda aliifuta kwa tambara, akapima juu, katikati na chini, mguu wa kwanza kisha wa pili, kwa sababu miguu miwili kukaa pamoja sokoni si ushahidi kwamba imezaliwa pamoja. Thelathini na tano, mara sita. Kamba iliishia kwenye fundo. Ekseli, sawa. Breki, kushoto. Akavichomoa vyuma vya ndani vya miguu ile, akavilaza juu ya kioo cha dirisha alichokiona kimeegemea ukuta, akaviviringisha kwa kidole. Vilikwenda vyote viwili vimenyooka, bila kuruka.

"Hii," alisema.

"Hiyo mbovu mbovu?" Muganyizi aliumia, maana alikuwa ameiweka ya mwisho kwa aibu.

Walipatana kwamba Kokulinda atamtengenezea kabureta mbili zilizomshinda, na akaondoka na shokapu zake zimefungwa kwenye kanga mgongoni. Jioni ile ile alibadilisha sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, akatia mafuta mapya, kila mguu kipimo kile kile kwa chupa ya dawa ya kikohozi yenye mistari. Alilala vizuri. Alijua alichonacho.

Ambacho hakukijua ni kwamba alfajiri jirani yao mmoja angefiwa. Saa kumi na moja kilio kilisikika, na Mama Odeta alijifunga kanga akakimbia kwenye msiba, kama ambavyo mwanamke yeyote mwenye akili angefanya. Neno lake la saa kumi na mbili alikwenda nalo.

Kokulinda alipofika uani na shokapu begani, Mzee Malimi alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki na kofia yake ya kazi. Nyuma yake alikuwa Mzee Ndalahwa, koti la suti na fimbo mapajani.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mkubwa," alisema, amepiga goti, anatazama chini.

"Marahaba," walijibu wote wawili, wanatazama juu.

"Mama yuko msibani," Kokulinda aliuambia ukuta wa jiko, kwa sauti kubwa. "Kwa hiyo sina wa kumtuma. Lakini mwenye masikio asikie. Pikipiki hiyo isitoke! Shokapu zake ni za kopo, na za kweli ni hizi hapa."

Ndalahwa alikunja uso. "Malimi, umesikia mtu akiongea?"

Mkono wa Mzee Malimi uligusa kibanio cha shokapu, ukarudi.

"Mama Odeta hayupo," Ndalahwa alisema. "Kama hayupo, hakuna maneno. Twende, jua linapanda."

Mzee akapiga kiki. Injini ikashika mara ya kwanza, kwa sababu injini ile haikuwa na kosa lolote. Pikipiki ikaanza kutembea kuelekea geti, na nje ya geti lile, hatua hamsini tu, mteremko unaanza.

Kokulinda aliogopa. Aliona Muleba, aliona mama yake akimfungulia mlango na sanduku. Kisha akaona mawe. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, naye aliangusha shokapu chini, akakimbia hatua nne, akamshika baba mkwe wake mkono wa kulia, juu ya breki, akaubana pamoja na wake.

Pikipiki iliinama mbele. Mguu wa kulia ulipanda ndani ya kibanio kwa mlio wa bati linalochanika, wa kushoto ukabaki pale pale, tairi likageuka lenyewe kuelekea banda la kuku. Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Pikipiki ililala ubavu taratibu, Malimi akashusha mguu akasimama, na Ndalahwa akakaa kwenye vumbi na suti yake, fimbo ikaenda kwa kuku.

Kokulinda alikuwa bado ameushika mkono wa mzee. Aliuachia.

Mzee Malimi alitazama shokapu. Mguu wa kulia ulikuwa umechomoza juu ya kibanio vidole vitatu vizima, na pembeni yake umetoka ulimi wa bati wenye herufi za maziwa ya watoto. Alichuchumaa, akaugusa. Alikuwa ametibu ng'ombe maisha yake yote, na alijua kifo kilichokaribia kinafananaje.

Ndalahwa aliinuka bila kuangalia pikipiki kabisa.

"Mayu wee! Amekushika," alisema. "Mkwe amekushika mkono, mchana, mbele yangu. Saa kumi nitakuja na wazee."

Akachukua fimbo yake, akaondoka na vumbi lake.

Mzee alikaa muda mrefu amechuchumaa. Hatimaye akakohoa, akaiambia pikipiki:

"Wewe pikipiki. Anayekutibu anahitaji nini?"

Kokulinda naye akaigeukia pikipiki.

"Mwambie anayeuliza kwamba nahitaji mtu wa kuinua injini niweke kreti chini yake."

Mzee akainua. Kreti ikaingia, tairi la mbele likaelea hewani. Kokulinda alitoa ekseli, akashusha tairi, akafungua breki na kuining'iniza kwa waya isije ikavuta kebo yake. Alilegeza bolti za vibanio, miguu miembamba ikateleza chini yenyewe, haikusubiri hata kuvutwa. Mabati yakaanguka, vipande vinne. Alisafisha matundu kwa tambara mpaka yakawa meupe, halafu akatoa venia na kuanza kupima upya.

"Pikipiki," mzee alisema, "nasikia hizi zilishapimwa jana."

"Mwambie jana zilikuwa Nyegezi."

Mzee alitoa sauti fulani puani. Kokulinda hakuwa na hakika, maana katika miaka mitatu hakuwahi kumsikia akicheka.

Miguu ya kweli iliingia kwa kubana, kama inavyotakiwa, kila mmoja kwa kuzungushwa kidogo kidogo. Aliisawazisha juu mpaka ncha zote mbili zikawa usawa mmoja, akakaza kibanio cha chini, kisha cha juu, kisha akarudia cha chini. Akarudisha breki na tairi, akaikaza ekseli nusu tu, akatoa kreti, akasimama.

"Sasa mtu akae, ashike breki, aibonyeze mbele mara kumi. Miguu ijipange yenyewe kwanza, ndipo nikaze ya mwisho. Ukikaza kabla, inabaki inavutana."

Aligundua kwamba alikuwa amemwambia mzee mwenyewe, si pikipiki. Mzee naye aligundua. Mzee alikaa, akabonyeza mara kumi, akihesabu kwa Kisukuma, na pikipiki ikawa inashuka na kupanda bila mlio wowote.

Alipotoka getini peke yake kwenda kuijaribu, Kokulinda alisimama palepale na spana mkononi. Alisikia injini ikishuka mteremko, ikanyamaza ghafla palipo na mawe makubwa. Mzee alikuwa ameshika breki. Kisha ikanguruma tena, ikapanda. Kokulinda alikuwa na uhakika tangu mwanzo, lakini alijikuta amekaa chini.

Saa kumi Ndalahwa alikuja na wazee wawili. Walikaa uani kwenye viti, na Kokulinda aliingizwa jikoni kama inavyopasa, pamoja na Mama Odeta aliyerudi kutoka msibani na macho mekundu. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, limewekwa nyuma ya mlango. Alilifunga mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie kutoka kwenye nyumba aliyoipenda.

Ndalahwa alieleza. Alieleza vizuri, maana maneno ndiyo kazi yake. Mkwe alikuja mbio, akamshika baba mkwe mkono, na hakumwachia hata baada ya pikipiki kulala. Mila inajulikana. Arudi kwao, wazazi wake walete mbuzi, kisha wazee watafikiri.

"Malimi," mmoja wa wazee akauliza, "unasemaje?"

"Nasema kaka yangu ameona vibaya," alijibu Mzee Malimi. "Mimi ndiye niliyemshika."

Jikoni, Kokulinda alisimama. Kwa mwanaume kumshika mkwe wake, ukoo ule haukuwa na msamaha wa haraka. Mbuzi anatoa, na mwaka mzima anakaa nyuma kwenye vikao bila kufungua mdomo. Kesho hakuna mahari atakayokwenda kukagua.

"Anasema uongo kwa ajili yangu," alinong'ona. "Mama, naenda kuwaambia."

Mama Odeta alimshika kanga. "Kaa hapo. Huyo ni mume wangu, najua anachofanya."

"Nimeona kwa macho yangu!" Ndalahwa alikuwa amesimama.

"Ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, kaka. Tena ulikuwa unaanguka. Mikono miwili imeshikana, utajuaje nani ameanza? Nilikuwa naanguka nikatafuta pa kushika, nikamshika yeye. Na kama nisingemshika, sasa hivi mngekuwa mnachimba makaburi mawili, moja la kwako. Miguu hiyo hapo ukutani, nendeni mkaitazame."

Wazee wawili walikwenda, wakaitazama. Walirudi wakakaa. Mmoja wao alikuwa na pikipiki, nayo ilitengenezwa Mkuyuni.

"Basi ni mbuzi wako, Malimi," alisema aliyekuwa mkubwa. "Na mwaka mmoja nyuma."

"Mwaka mmoja sawa. Mbuzi nitatoa wawili."

"Wa pili wa nini?"

"Wa Jumatatu. Breki ya nyuma nayo inalia, na Mkuyuni mimi siendi tena. Nitampa ufunguo mkononi. Anayetaka kuja kuangalia aje."

Mzee Malimi hakumsubiri Ndalahwa. Aligeukia mlango wa jiko, akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu binti yule aingie kwenye ukoo wake hakumtuma mtu yeyote.

"Kokulinda! Jumatatu unafungua saa ngapi?"

Kokulinda alikuwa analia, na hakujali nani ataisikia sauti yake ikitetemeka.

"Saa mbili, baba."